Ushuhuda Nilioutoa Mapema

Kama juma hili umepewa pakiti ya kwanza ya dawa za TB, na kama wewe ni mtu wa kanisa, nimeandika haya kwa ajili yako. Dawa zenyewe utaelezwa na wenye kazi yao. Mimi nitakueleza jambo ambalo sikuulizwa kliniki siku ya kwanza, kwa sababu halimo kwenye fomu: je, wewe ni mtu wa kusema uongo?

Kazi yangu ni usalama katika kiwanda kimoja upande wa Athi River. Mtu akiteleza, au mashine ikimkata kidole, mimi ndiye ninayeitwa kuandika: nani, wapi, saa ngapi, nini kilitangulia. Kwa miaka kumi na moja nimeandika makosa ya watu wengine kwa mwandiko safi. Hii ni ripoti yangu mwenyewe, nami nitafuata utaratibu ule ule.

Kikohozi kilianza Julai, wakati baridi ya Kitengela inapopenya hata chini ya mlango. Nikasema ni vumbi la kiwanda. Agosti nikasema ni mafua yaliyokataa kuondoka. Mke wangu Rodah hakubishana. Alianza tu kubadilisha shuka kila asubuhi, kwa maana niliamka nimelowa kama mtu aliyenyeshewa. Mkanda wangu ulikwisha matundu. Nikatoboa moja kwa msumari, kisha la pili. Siku niliyotoboa la tatu, Rodah alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake wa kazi begani.

"Baba Kageha, huo mkanda utatoboa mpaka lini? Leo hauendi kazi. Unaenda kupimwa."

Benchi la kliniki liko nje, chini ya mabati, ili upepo upite. Watu hukaa wakiacha nafasi ya mtu mmoja kati yao, kana kwamba kuna wageni wanaotarajiwa. Mwisho wa benchi nilimwona Mama Shiku, anayeuza mitumba sokoni na ambaye kanisani hukaa safu mbili nyuma yangu. Nilimwona, akaniona, na sote wawili tukaanza kulisoma bango la kunawa mikono kama wanafunzi kabla ya mtihani. Hatukusalimiana. Sikuiona kama dhambi siku hiyo. Leo naiandika kama jambo lililotangulia.

Matokeo yalikuwa TB. Miezi sita, kila asubuhi, bila kuruka. Rodah alipimwa akaonekana mzima. Binti yetu Kageha, wa miaka mitano, naye alikuwa mzima, ila kwa kuwa tuliishi nyumba moja alipewa dawa ya kinga, vidonge vya kuyeyusha kwenye maji. Nesi akatukabidhi kadi mbili zenye visanduku vidogo, kila siku kisanduku kimoja. Rodah huondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini Nairobi, kwa hiyo tulikubaliana hivi: nitameza zangu, nitamnywesha Kageha zake, nitatia alama kwenye kadi zote mbili, na yeye atazitazama jioni.

"Sawa, nakuamini," alisema. Hakulisema kama jambo zito. Alikuwa akitafuta kiatu cha pili chini ya kiti.

Miezi miwili ya kwanza nilitii. Mkojo uligeuka rangi ya machungwa. Nyayo ziliwaka moto. Kisha njaa ikaja, njaa ya aibu. Nilikula ugali wa watu wawili na kuangalia sahani ya mtoto. Rodah na Kageha walilala sebuleni, mimi chumbani, madirisha wazi, nimevaa sweta mbili. Watu wa ushirika wetu wa nyumbani walikuja kuniombea wakiwa wamesimama getini. Walileta omena, ndizi, unga wa wimbi. Wote walikuwa wema, na wote walisimama getini.

Oktoba mzani ulisema nimeongeza kilo sita. Makohozi yakapimwa tena, yakaonekana safi. Nesi alinikazia macho. "Safi maana yake huambukizi sasa. Haimaanishi umepona. Umebakisha miezi minne. Umesikia?"

Nilisikia vizuri sana.

Jumapili iliyofuata nilirudi kanisani. Nilikaa kwenye safu yangu ya kawaida. Viti viwili kulia kwangu vilikuwa vitupu, na viwili kushoto, ingawa nyuma watu walikuwa wamesimama. Hakuna aliyenitukana. Nilihesabu tu vile viti. Kiongozi wa ibada alipouliza nani ana ushuhuda, nikasimama. Nilikuwa nimeandika sentensi moja kwenye karatasi: Mungu amenitia nguvu, bado nina miezi minne ya dawa, endeleeni kuniombea.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Na tena asifiwe!"

"Amina!"

Nikaikunja ile karatasi. "Ndugu zangu, nimepimwa. Hakuna kitu! Mungu ameondoa yote, katika nyumba yangu nzima. Hata dawa nimewarudishia wenyewe!"

Kanisa lililipuka. Akina mama walicheza mpaka mbele. Mtu alinikumbatia, mtu wa kwanza nje ya hospitali kunigusa tangu Agosti. Kabla ya mahubiri kwisha, viti vyote vinne vilikuwa na watu. Rodah hakuwepo, alikuwa ameenda msiba kwao Vihiga, akarudi Jumatatu; aliposimuliwa baadaye, nilimwambia watu wametia chumvi.

Pasta, mtu wa maneno machache, alinishika mkono mlangoni. "Ndugu, dawa umemaliza? Daktari mwenyewe amekuachisha?"

"Ndiyo, Pasta."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Asubuhi yake nilisimama jikoni na vidonge mkononi. Nataka uelewe nilivyofikiri, kwa maana huenda nawe ukafikiri hivyo. Nikivimeza, basi jana nilidanganya mbele ya Mungu na mbele ya watu. Nisipovimeza, na nikaendelea kuwa mzima, basi sikudanganya; nilitangulia tu kusema. Nilitaka kuugeuza uongo uwe imani. Na kwa kuwa nilikuwa nimesema nyumba yangu nzima, nikakishika pia kidonge cha Kageha. Nilivitupa vyote chooni. Kisha nikachukua kalamu nikatia alama kwenye kadi zote mbili, maana Rodah angezitazama jioni.

Nilifanya hivyo asubuhi thelathini na nane.

Usidhani nilikuwa sisali. Kila asubuhi nilipiga magoti kwanza nikaomba msamaha, kisha nikainuka nikatia alama, kama mtu anayekuomba radhi huku amekukanyaga na mguu hauondoi. Kageha aliniuliza mara moja, "Baba, juisi yangu ya dawa?" Nikamwambia Yesu amesema imetosha. Katika yote niliyoyafanya, sentensi hiyo ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuiandika hapa.

Novemba mvua zilianza, na ule udongo mweusi wa Kitengela ukawa unavua watu viatu. Kikohozi kilirudi usiku mmoja, kikavu, kama mgeni anayejua mlango. Nilikizika kwenye mto. Siku nne baadaye nikasikia kingine, chembamba, kutoka sebuleni.

"Huyu mtoto ana nini?" Rodah aliuliza.

"Mafua," nikasema. "Ni mvua hii."

Siku iliyofuata nilipanda gari la Kajiado. Nilimwambia Rodah ni shughuli za kazi. Mpango wangu ulikuwa huu: niende zahanati ambako hakuna anayenijua, niandikishwe kama mgonjwa mpya, nipate dawa upya, nimrudishie Kageha zake kimyakimya, na ushuhuda wangu ubaki umesimama. Tulipopita Kisaju nilikuwa nimekwisha kupanga hata majibu.

Benchi la kule lilikuwa limejaa. Jirani yangu alikuwa Mmaasai wa umri wa baba yangu mdogo, mwenye shuka jekundu juu ya koti la suti.

"Sopa," akanisalimia.

"Ipa."

"Wewe si wa hapa."

"Natoka Kitengela."

"Kitengela hakuna hospitali?"

Akanitazama kutoka viatu hadi barakoa.

"Aaa. Umekuja kujificha." Hakusema kwa ubaya. "Mimi pia nilijaribu. Lakini nafanya biashara ya mbuzi. Kutoka Mashuuru mpaka hapa, hata mbuzi wananijua."

Aliitwa Baba Naserian. Alikuwa akikaa kwa ndugu yake pale mjini ili afike kliniki kila siku kwa wiki zake za kwanza. Mlango wa nesi ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa, kwa hiyo alipoitwa tulisikia kila neno.

"Baba Naserian! Sigara?"

"Mbili, dada."

"Si jana ulisema umeacha?"

"Jana niliacha. Leo asubuhi nikarudi."

Benchi zima likacheka. Hata yeye alicheka.

"Na juzi?"

"Juzi ilikuwa sita. Siwezi kukudanganya, na nimetoka kuomba. Mimi nimeokoka tangu ile kiangazi ilimaliza ng'ombe zangu, na hii kitu bado iko na nguvu. Kila asubuhi naambia Mungu, leo tu. Nisaidie leo tu."

"Dawa umemeza?"

"Hiyo siwezi kosa."

"Haya, lete kadi. Na hizo ziko kwa soksi uniachie hapa."

Kisha tukasikia akiinama, akiguna, na benchi likacheka tena.

"Na kesho nikianguka?"

"Ukianguka kuja useme. Dawa yako iko."

Alitoka akifuta machozi ya kicheko, akapita mbele yangu. Mimi sikuwa nikicheka. Mtu amesema mbele ya watu wote kwamba ameanguka tena leo asubuhi, na bado amepewa dawa yake. Sikuwa nimewahi kuliona jambo hilo likitendeka. Kanisani kwetu tulishuhudia dhambi za zamani tu, zile zilizokwisha kufa na kuzikwa.

Nikaitwa. Nesi alikuwa na umri wa dada yangu mdogo. Alifungua fomu mpya.

"Umewahi kutumia dawa za TB?"

"Hapana."

Akaandika. Niliitazama kalamu yake. Mtu wa ripoti anajua: mstari wa kwanza ukiwa wa uongo, yote yatakayofuata yatajengwa juu yake, hata yale ya kweli.

"Uko na mtoto kwa nyumba?"

"Mmoja. Miaka mitano."

"Anakohoa?"

Jibu lilikuwa tayari. Nilikuwa nimelipanga tangu Kisaju. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema, "Dada, ngoja. Futa hapo juu."

Nikamwambia yote. Hakunikemea. Aliuliza, "Siku ngapi?" Nikamjibu thelathini na nane. "Na mtoto?" Nikasema hizo hizo. Akaiweka kalamu chini.

"Mtoto yuko wapi sasa hivi?"

"Shule."

"Rudi. Mpeleke pale mliandikishwa, kabla wafunge. Si kesho, baba. Leo."

Nilimpigia Rodah nikiwa nimeegemea ua wa zahanati. Nilisema kwa mpangilio, kama kazini.

"Rudia hapo kwa mtoto," alisema.

Nikarudia.

"Kila jioni mimi nilikuwa naangalia hizo kadi. Unajua? Nilikuwa nashukuru Mungu juu ya hizo kadi."

"Najua."

"Haujui. Mchukue shule. Tukutane kliniki. Na tukiwa huko usiniongeleshe."

Kageha alipigwa eksirei jioni hiyo, akiwa amekishika kidole cha mama yake. Aliuliza kama picha itatoka na tabasamu. Vipimo vingine vilituchukua siku tano. Siku tano hizo Rodah hakulala. Nilimsikia sebuleni akihesabu pumzi za mtoto. Mimi niliomba, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kuomba bila kupanga la kufanya nikisema amina. Sikuwa na ahadi ya kumpa Mungu. Ahadi zangu zote zilikuwa kwenye ile kadi.

Matokeo: Kageha alikuwa na TB. Mapema, alisema daktari, inatibika, lakini ni TB. Yangu ilikuwa imerudi, na ilitubidi kungoja wiki mbili zaidi kujua kama dawa bado zingeiweza. Zingeiweza. Nikaanza tena kutoka siku ya kwanza, na mtoto wangu naye akaanza siku yake ya kwanza.

Kwa wiki tatu Rodah aliongea nami kupitia mtoto. "Kageha, ambia baba chakula iko tayari." "Mama amesema chakula iko tayari." Nilikuwa chumba cha pili, umbali wa hatua nne.

Pasta alikuja akasimama nje ya dirisha langu. Nilimweleza. Nilimwambia sielewi, kwa maana niliamini nimeokoka.

"Umeokoka," alisema. "Ndiyo sababu inakuuma hivi. Lakini ulidhani wokovu ni chanjo? Unadungwa mara moja utotoni halafu basi?"

Nikaivuta barakoa juu puani.

"Na mimi niko na langu," akaendelea, akitazama chini. "Siku ile mlangoni sikukuamini. Nilitaka kukupigia simu. Jumapili iliyofuata kanisa likajaa watu kwa sababu ya ushuhuda wako, nikaiacha."

Niliandika barua isomwe kanisani. Ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Nilikuwa nimetumia neno unyenyekevu mara tatu. Pasta aliisoma pale dirishani, akachomoa kalamu. "Hapa umejisifu. Na hapa. Watu wanahitaji kujua mambo mawili: ulidanganya, na wameze dawa." Iliyobaki ilikuwa mistari mitano.

Aliyeisoma ni Rodah. Hakuniambia kwamba amekubali. Nilijua tu niliposikia sauti yake kwenye kipaza sauti, mimi nikiwa nje kwenye ua wa seng'enge, nimevaa barakoa. Alisoma bila kutetemeka. Mwishoni hakuna aliyepiga makofi. Wawili watatu walitoka wakanipita bila kunitazama, na mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba nimemwaibisha Mungu. Kisha Mama Shiku akatoka, akaja akasimama upande wa pili wa seng'enge.

"Mimi niliacha zangu wiki ile ulishuhudia," alisema. "Nilisema kama Mungu amemfanyia yule, mimi ni nani nisiamini?"

"Mama Shiku, nisamehe."

"Nitakusamehe. Si leo, leo niko na hasira." Akarekebisha kitambaa chake. "Kesho naenda kuchukua dawa. Na ukinikuta kwa hilo benchi, unisalimie."

Yaliyobaki naweza kuyasema kwa kifupi. Januari kavu ilikuja, Kageha akaanza kunenepa mashavu. Jioni moja ya Februari Rodah aliniambia mwenyewe kwamba chakula kiko tayari. Mvua za masika zilipoanza tulikuwa tukilala chumba kimoja. Mtoto alimaliza dawa zake, nami nikamaliza nyuma yake, na picha za vifua vyetu zinaonekana vizuri. Ule ugonjwa mwingine, wa uongo, haujaisha. Wiki iliyopita niliandika kwamba nimekagua kizima-moto cha ghala la pili, na sikuwa nimekikagua. Nilifika getini, nikarudi, nikafuta, nikaenda kukikagua. Sijui kesho nitafanya nini. Naomba ya leo.

Lakini kuna asubuhi moja ya Machi ambayo nataka uijue kabla hujaiweka karatasi hii chini. Rodah alikuwa amebadilisha utaratibu wa nyumba: kadi zilikaa kwa Kageha, na kalamu pia. Mtoto alikunywa dawa yake, kisha mimi nilimeza zangu mbele yake, naye alikagua mdomo wangu kama nesi alivyokagua wake. Siku hiyo nilikuwa narudi kazini mara ya kwanza tangu Novemba. Niliogopa kutapika njiani. Nilimeza vyote isipokuwa kimoja. Hicho nilikibana chini ya ulimi.

"Fungua mdomo," alisema.

Nikafungua.

"Inua ulimi."

Nilisita. Akapanda juu ya kigoda, akamulika kwa simu ya mama yake, akachungulia kwa muda mrefu.

"Baba, kimoja bado kiko."

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuwa nimekificha."

Sikujua atafanya nini. Hakushangaa, wala hakwenda kumwita mama yake. Alichukua kikombe chake mwenyewe, kilichobaki na maji nusu, akanisogezea.

"Haya, jaribu tena," alisema, kalamu ikiwa bado hewani. "Nakungoja."